Mwaka Niliopima Petroli

Komba alitoka ndani amevaa ovaroli la marehemu. Lilikuwa ovaroli la buluu lililopauka magotini, na kwa kuwa Komba ni mtu wa tumbo, vifungo viligoma kufunga. Akatembea kama Fundi Kihwele alivyokuwa akitembea, bega la kushoto chini, mkono mmoja kiunoni, akalizunguka jeneza mara mbili akiligongagonga kama mtu anayekagua gari la kununua. Kisha akainuka na kututangazia kwamba injini hii imekufa, haifai hata kuuzwa skrepa, basi tuizike haraka twende tukale. Waombolezaji wakaangua kicheko. Mjane mwenyewe, Mama Kihwele, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na kitenge kichwani, alicheka mpaka akajifuta macho. Katekista alikunja uso kidogo akaangalia saa. Mimi ni Mnyakyusa, na kwetu pia tuna watani wetu, kwa hiyo sikushangaa. Wahehe na Wangoni wanataniana tangu babu zao walipomaliza kupigana, na Mngoni kama Komba akifika kwenye msiba wa Mhehe kama Kihwele kazi yake ndiyo hiyo: anamwigiza marehemu, analizuia jeneza mlangoni mpaka apewe kuku, anasema lolote linalomjia, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia. Kilolo ilikuwa na ukungu asubuhi ile, baridi imetukaa miguuni, na kicheko kilitusaidia sote.

Lakini Komba hakuishia hapo. Akasimama kichwani pa jeneza, akaishusha sauti mpaka ikawa ya Kihwele kabisa, ile sauti ya kukwaruza, akasema: "Mimi Kihwele, mwaka ule kule Iringa nilifukuzwa kazi, wakasema nimeua injini ya Mhindi. Sikuiua mimi! Ameiua huyu mpumbavu Komba. Petroli ya supa aliyotumwa Dar aliiuza njiani, akajaza madumu petroli ya kawaida ya hapo Ipogolo, akaniletea huku anacheka. Na mimi kwa ujinga wangu wa Kihehe nikanyamaza!" Watu wakacheka tena, wengine wakipiga makofi, maana wengi hawakujua hata ni injini gani inayosemwa. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama nyuma na wanawake wa kwaya, na nikahisi uso wangu unapata moto katika baridi yote ile. Kama maneno yale yalikuwa kweli, basi nilimdhulumu mtu anayezikwa. Kama yalikuwa utani, basi sikumdhulumu. Na aliyeyasema alikuwa mtu pekee kwenye msiba ule ambaye maneno yake hayapaswi kuaminiwa wala kukataliwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwaka wangu wa kusubiri ajira. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada ya kemia isiyoguswa na mtu, na nilifundisha vipindi vichache kwenye sekondari moja ya binafsi mjini Iringa ili nisikae bure. Nilipanga chumba cha uani nyuma ya duka la vipuri la Kirit. Kilikuwa na kitanda, ndoo, na kasha la mbao lililokuja na giaboksi kutoka Japani, ambalo nililigeuza meza na kulitandika kitambaa cha kufuma, kama binti wa kujiheshimu. Dirisha lilitazama gereji. Asubuhi harufu mbili ziligombana chumbani mwangu, udi wa Mama Kirit aliyekuwa akisali mapema kwenye kona yake, na petroli ya Fundi Kihwele aliyekuwa akisafishia vyuma. Mpaka leo nikipita mahali udi unachomwa, nasubiri harufu ya petroli ifuate, na isipofuata najiona kama nimesahau kitu. Kirit alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, Mhindi mzaliwa wa Iringa, akiongea Kihehe kunizidi mimi mara mia, na aliuza plagi na beringi za malori mchana kutwa ili Jumapili aendeshe gari lake.

Gari lile! Lilikuwa jeupe, milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba kuku wa jirani walilirukia bila kupiga mabawa. Lilikuwa na tabo, ile pampu inayosukuma hewa nyingi ndani ya injini kuliko injini ingevuta yenyewe, na Kirit alikuwa akilitengeneza kwa ajili ya mashindano ya magari ya mkoa. Ndani ya kifuniko cha tangi kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa Kijapani, herufi nyekundu. Hakuna mtu Iringa nzima aliyeweza kuisoma. Kirit aliichora ile karatasi kwa mkono, herufi kwa herufi, akaipeleka kwa mfanyabiashara mwenzake Dar, naye akampigia simu kwamba imeandikwa: weka petroli ya daraja la juu tu, yaani supa. Fundi Kihwele alisema huenda imeandikwa usivute sigara. Ubishi ukaanzia hapo, na mwaka wangu mzima ukaliwa na ubishi ule, mimi niliyekuja mjini kufundisha watoto wa Kidato cha Tatu.

Jumapili nilialikwa kula mezani kwao. Mama Kirit alipika chapati nyembamba zinazopitisha mwanga, dengu, viazi vya Kilolo kwenye mchuzi wa nyanya, na achari ya ndimu iliyonitoa machozi kila wiki na kila wiki nikairudia. Nyama haikuingia nyumba ile. Mimi nilikaa mezani kwa kuwa nilikuwa mpangaji, na mwalimu, na Kirit alikuwa amenibatiza jina la Profesa. Fundi Kihwele alikula nje, kwenye benchi chini ya dirisha la jikoni, sahani imejaa kuliko yangu, na mazungumzo yalipita dirishani kwenda na kurudi. Wakati ule sikuliona jambo hilo. Naapa sikuliona. Alinizidi umri kwa miaka kumi na sita, alikuwa anaijua injini ile kuliko mtu yeyote aliyekuwa mezani, na alikuwa nje, na mimi niliomba niongezewe achari.

Siku moja Kirit aliniuliza mbele ya mama yake: "Profesa, hebu tuambie wewe. Supa inaongeza nguvu au haiongezi?" Nikajikohoza kidogo. Nilisema watu wanadhani supa ni petroli yenye nguvu nyingi zaidi, na hilo si kweli. Tofauti yake ni uvumilivu. Petroli ikibanwa sana ndani ya silinda inaweza kulipuka kabla plagi haijaiwasha, na hapo injini inagonga, inajipiga yenyewe kwa ndani. Supa inavumilia kubanwa. Kwenye injini inayobana kidogo, uvumilivu huo hauna kazi. Kwenye injini yenye tabo, unaweza kuwa na kazi. Kihwele akajibu kutoka dirishani, mdomo umejaa: "Ndiyo maana mimi nasema, pikapu yangu ukiipa supa ni kama kumvalisha ng'ombe suti." Mama Kirit alicheka, akauliza sasa gari la mwanawe ni ng'ombe au siyo ng'ombe. Hapo nikaanza kubabaika. Nilisema inategemea. Huku juu hewa ni nyembamba, kwa hiyo injini inabana kidogo kuliko pwani, kwa hiyo supa haihitajiki sana. Lakini tabo inafidia ile hewa, kwa hiyo labda inahitajika. Lakini kompyuta ya gari... "Profesa," Kirit akanikatiza, "sasa umejibu nini?" Nilimega chapati.

Basi tukaamua kujaribu. Kutoka Ipogolo kupanda mjini kuna mlima mzuri wa kutosha kumuumbua mtu yeyote, na mapema Jumamosi moja Kihwele alisimama juu na saa yake ya mkono huku Kirit akipanda na kushuka. Kwanza petroli ya kawaida, kisha supa. Supa ilishinda. Kirit alishuka garini akanikumbatia, jambo ambalo mama yake angeliona tungehama wote. Kihwele akanivuta pembeni. "Dada, hebu siku nyingine jaza wewe. Usimwambie umejaza nini." Juma lililofuata nikajaza mimi, nyuma ya gereji, na Kirit akapanda mlima bila kujua. Akateremka akipiga honi: "Hii! Hii ndiyo yenyewe, naisikia mgongoni!" Ilikuwa petroli ya kawaida. Kihwele alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mimi nilicheka pia, lakini nilichanganyikiwa, maana saa ya mkono iliyoonyesha supa imeshinda juma lile ndiyo hiyohiyo iliyosema safari hii zimelingana. Niliandika yote kwenye daftari la mazoezi na nikayatazama kwa siku kadhaa bila kuona maana yake.

Kihwele ndiye aliyeiona. Jioni moja akiwa amelala chini ya gari, miguu tu iko nje, aliniambia: "Gari haijui umeipa nini, dada. Mpaka mimi niiambie." Alimaanisha kwamba injini ilikuwa bado imepangwa kwa petroli ya kawaida, cheche inawaka kwa kuchelewa kidogo kwa usalama, tabo inasukuma kwa adabu, hivyo supa ilikuwa inaingia na kutoka bila kutumwa kazi. Akaiwahisha cheche. Akaongeza msukumo wa tabo. Alifanya hivyo kidogokidogo, siku nyingi, ameweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anasikiliza kama inagonga. Alipomaliza, Kirit alinichukua mpaka Ipogolo na kurudi, na mimi ambaye siamini kitu nilikibana kiti kwa mikono miwili. Hapo supa ilikuwa na faida, na faida yenyewe niliisikia kwenye shingo. Lakini Kihwele alituita wote, hata Mama Kirit akatoka na unga mikononi, akasema neno ambalo nalikumbuka lote: "Sasa msikilize. Tumeshaifunga kamba hii gari. Ikipewa supa itakimbia. Ikipewa ya kawaida, ikakanyagwa, itajitafuna. Mimi hapo msinilaumu." Tukasema sawa. Ni rahisi sana kusema sawa.

Supa haikupatikana Iringa wakati ule, angalau si ile Kirit aliyoitaka. Aliyeileta alikuwa Komba, dereva wa lori la Dar na Mbeya, rafiki wa Kihwele wa miaka mingi. Kila baada ya majuma mawili aliegesha Ipogolo, akapanda na madumu mawili kwenye pikapu ya Kihwele, na kabla hajashusha lazima kelele ziwepo. "Leteni maji ninawe, nimekuja kwa walaji wa mbwa!" Naye Kihwele: "Karibu, mjukuu wa waliokimbia wakaacha ngao! Umetuletea mkojo wako tena?" Ndivyo alivyoita supa kila mara, mkojo wa Komba. Kisha Kihwele alifungua kifuniko, akamwagia petroli kidogo nyuma ya kiganja, akanusa, akasubiri ikauke, akanusa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yake. Mimi kwa ushamba wa usomi niliazima haidromita ya shule, lile bomba la kioo linaloelea, nikaanza kupima kila dumu na kuandika kwenye daftari. Hakuna aliyenituma. Kirit alipenda, akasema sasa tuna sayansi.

Juma la mwisho kabla ya mashindano tulikwenda barabara ya Kilolo kwa mazoezi. Dumu jipya lilikuwa limefika jana yake. Kihwele alikuwa amelinusa mara mbili, kisha mara ya tatu, akakunja pua, akasema, "Hii si ile." Komba alikuwa amesimama palepale, akacheka, akamuuliza pua za Kihehe zimeanza lini kujua mafuta badala ya mbwa. Kihwele akacheka pia. Akajaza tangi. Hilo nalo sijalielewa mpaka leo, kwa nini alijaza. Asubuhi yake, kwenye kilima cha tatu au cha nne, mimi na Kihwele tukiwa tumesimama kando ya barabara kwenye mahindi, tulilisikia gari kabla ya kuliona. Lilikuwa linagonga, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Kihwele alikimbilia katikati ya barabara akipunga mikono miwili, "Achia! Achia mafuta!" lakini Kirit alidhani anashangiliwa, akakanyaga. Kukawa na moshi mweupe, kisha wa buluu, kisha kimya. Walipofungua injini siku ya pili, pistoni moja ilikuwa imetoboka katikati, tundu la kupitisha kidole.

Kikao kilifanyika mezani. Kihwele alisimama mlangoni, kofia mkononi, na nakumbuka Mama Kirit alisema, "Ingia ukae, fundi," naye akasema yuko sawa hapo. Kirit hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema kuna mambo mawili tu. Ama petroli ilikuwa ya kawaida, ama fundi aliiwahisha cheche kupita kiasi. Kihwele akasema, "Petroli si ile." Kirit akamuuliza, "Unasema Komba ametuibia?" Kihwele akaigeuza kofia mkononi. Kisha akasema, "Komba ni mtani wangu. Mimi sijamshtaki mtu. Nasema petroli si ile." Kirit akaeleza, kwa upole kabisa, kwamba haiwezekani kusema moja bila kusema la pili. Kihwele akarudia vilevile. Mimi Mnyakyusa nilielewa kitu ambacho labda Kirit, pamoja na Kihehe chake chote, hakukielewa: mtani anaweza kukuchukulia mbuzi ukacheka, anaweza kukutukania mama ukacheka, lakini siku unayompeleka mbele ya watu kumdai, utani umekufa, na ukifa haufufuki. Nilielewa na sikusema. Kirit akanigeukia. "Profesa, wewe umepima. Ni ileile au siyo?"

Kwenye tangi kulikuwa kumebaki petroli, nami nilikuwa nimeipima mchana ule. Haidromita ilielea palepale ilipoelea kwa madumu yote yaliyotangulia. Lakini haidromita hupima uzito. Haipimi uvumilivu. Petroli mbili zinaweza kuwa na uzito mmoja, moja ikavumilia na nyingine ikalipuka, na kifaa cha kupimia jambo hilo ni injini maalumu ambayo mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Hayo niliyajua. Sentensi ilikuwa imeshafika mdomoni: kipimo changu hakiwezi kujibu swali hili. Na mezani pale watu wawili walikuwa wananitazama kama mtu anayejua, na mwaka mzima nilikuwa nimeishi kwa kutazamwa hivyo, mimi ambaye serikali ilikuwa bado haijaniona. Nikasema, "Ni ileile." Kirit akashusha pumzi. Kihwele aliniangalia, bila hasira, kwa namna ya mtu anayesikiliza injini, halafu akavaa kofia. "Haya," akasema. "Kama kipimo kimesema." Kesho yake alibeba kisanduku chake cha spana akaondoka, na mjini habari zikatembea kwamba Kihwele ameua injini ya Kirit, na wenye magari mazuri wakaacha kumpelekea.

Mimi nilipangiwa shule Mbeya mwaka uliofuata, na nimekaa Iyunga tangu hapo. Kirit na mama yake walihamia ng'ambo. Kihwele, nikaja kusikia, alikuwa amefungua kibanda Mbalizi, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, akitengeneza mashine za kusaga na pikipiki. Miaka yote hiyo nilikwenda sokoni Mbalizi kununua maharage na sikupita upande ule. Mara moja tu bodaboda niliyopanda ilipata pancha ikasimama mlangoni pake kabla sijajua tuko wapi. "Kamwene, Profesa," akanisalimu Kihehe, akanifutia kigoda. Nikasema nina haraka. Akaziba pancha, akajaza upepo, akakataa kulipwa. Nilipanda nikaondoka, na niliporudi nyumbani nilijiambia kwamba kipimo kilikuwa sawa, petroli ilikuwa supa, aliiwahisha cheche kupita kiasi, mafundi nao hukosea. Nilijiambia hivyo mara nyingi, hata ndani ya basi la waombolezaji nilipomsindikiza kwenda kuzikwa kwao Kilolo. Ukijiambia jambo mara nyingi linakaa vizuri, mpaka Mngoni mnene anapotoka ndani na ovaroli.

Baada ya maziko nilimfuata Komba. Alikuwa amekaa kwenye gogo karibu na masufuria, bado amevaa lile ovaroli, anakula ugali na maharage. Nikamwuliza, "Kaka Komba, yale uliyosema pale kwenye jeneza ni kweli?" Akaniangalia kwa mshangao wa kuigiza. "Yapi? Mimi nimesema? Aliyesema ni Kihwele." Nikamwambia namwomba, aache utani kidogo tu. Akatafuna. "Mwalimu, mtani msibani akisema uongo, uongo. Akisema kweli, uongo vilevile. Wewe msomi, si una kipimo?" Nilitaka kuondoka. Ndipo akaweka sahani chini, na nikaona macho yake yamejaa maji, na sikujua kama ni moshi. "Miaka yote ile yule mtu hakuniuliza," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Tumekunywa ulanzi, tumezikiana wazazi, hakuniuliza hata siku moja. Angeniuliza ningemjibu." Nikauliza, "Ungemjibu nini?" Akafungua mdomo. Watoto wawili wa ndugu walikuwa wanapita na ndoo, na Komba akaruka kutoka kwenye gogo, bega la kushoto chini, akaanza kuwafokea kwa sauti ya Kihwele kwamba wanamwaga maji ya rejeta yake. Wakakimbia wakicheka. Hakurudi kukaa.

Nililala pale msibani na wanawake wengine. Asubuhi nilimkuta Mama Kihwele jikoni anamenya viazi, peke yake, kwa kuwa alikuwa amekataa kukalishwa. Nikachukua kisu nikakaa naye. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Wewe ndiye yule mwalimu wa Iringa. Uliyepima." Nikasema ndiye mimi, mama. Akasema mumewe alikuwa akinitaja. Nilisubiri lawama, na kusema kweli nilizitamani. Badala yake akasema, "Alipofukuzwa alifika nyumbani akaniambia, mama watoto, kuna msomi kule amepima kwa chombo, na chombo hakina mtani wala ndugu. Basi ni pua yangu imekosea. Ni mkono wangu umekosea. Nikamwambia labda Komba amecheza. Akaniambia, hapana, chombo kimesema. Tangu hapo gari ya tabo ikija anaikataa. Kijana mmoja wa Mbeya alileta nzuri sana, anamwomba kabisa. Akakataa. Anasema, mimi mkono wangu siuamini tena, nitawaua watu." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Sasa jana nasikia Komba anasema vile, nacheka, lakini usiku sikulala. Hebu niambie, wewe ulipima. Ilikuwa petroli gani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumweleza uzito na uvumilivu, hewa nyembamba, tabo, kompyuta, karatasi ya Kijapani ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisoma. "Sijui, mama," nikasema. "Chombo changu hakikuweza kupima kitu kile. Hata siku ile sikujua."

Aliacha kumenya. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nikae, muda mrefu, nami nikashindwa kumtazama.

"Si ungesema hivyo tu, mwanangu," akasema.